Karafuu Katika Nyumba ya Msiba

Nyumba yenye msiba haioki kahki, vile vibiskuti vya samli vya Idi. Kwetu Samannud hilo halihitaji kufundishwa. Mtu akifa, Idi ya kwanza inayofuata jiko lake linabaki baridi. Majirani ndio wanaoleta sahani zimefunikwa kitambaa. Unakula kipande kimoja kwa heshima, unasema Mungu awalipe, basi. Ukioka mwenyewe, watasema umefurahia kufiwa.

Mama yetu, Insaf, alifariki mwezi wa Rajabu. Ramadhani ilipofika kumi la mwisho na mtaa mzima ukaanza kunukia samli, sisi tulifunga madirisha. Tulikuwa wawili nyumbani. Mimi, Afkar, mkubwa, nilikuwa nashona nguo za watu. Mdogo wangu Wigdan alikuwa akingoja msiba uishe aolewe. Kaka yetu Shawki, wa katikati, alikuwa jeshini kama vijana wote wa rika lake, lakini jeshi la kukaa kitini: walimweka karani wa ghala la mablanketi kule Iskandaria.

Madirisha tuliyafunga kwa ajili ya Wigdan, maana harufu ikipita tu, machozi. Sikumlaumu. Mama alikuwa mwanamke wa kuoka. Mwaka mzima alikuwa mtu mkimya, mwenye kuumwa magoti, lakini zikifika siku zile magoti yanapona. Atatandika shuka safi sebuleni, amwage unga kama kichuguu, achimbe shimo katikati, kisha atoke jikoni mbiombio na sufuria ya samli inayotokota. "Pisheni, pisheni! Nikikuunguza uso nitakuoza kwa nani?" Samli ikigusa unga ilikuwa inalia shiii, na wanawake wote waliokaa kuzunguka shuka wanasema "Allah!" kwa pamoja kama wameona mwezi. Halafu ufuta, halafu mdalasini, halafu mikono. Kila mmoja na koleo lake dogo la kufinyia maua juu ya kila donge, na masengenyo yanakandwa humo humo na unga. Zikitoka motoni hakuna aliyengoja zipoe. Tende ya ndani ilikuwa inachoma ulimi kama kaa la moto, nasi tunanyamaza na machozi yakitutoka, maana ukilia umejitaja kuwa mwizi. Siku ya Idi hapakuwa na nguo nyeusi mtaani isiyo na vidole vya sukari nyeupe.

Jambo moja tu watu walimsema nalo. Mwaka aliokufa baba, Mama alioka. Hakujificha. Aliita wanawake, hawakuja, akaoka peke yake, madirisha wazi. Bibi yetu, mzaa baba, alisimama mlangoni na fimbo yake akasema, "Insaf! Udongo wa mwanangu haujakauka!" Mama hakuinua kichwa. "Mtasema, mtachoka," alijibu, akaendelea kukanda. Bibi hakuikanyaga tena nyumba yetu mpaka naye akafa.

Sasa, siku moja ya kumi lile la mwisho, karibu na alasiri, mlango uligongwa kwa kiganja. Alikuwa Mama Gamalat, jirani wa ng'ambo ya njia, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadi samaki na moyo mzuri ukishautafuta.

"Afkar, mwanangu," alianza kwa upole wa kunitisha, "mimi si mtu wa maneno."

"Hata kidogo, Mama Gamalat."

"Nacheka na wewe? Sikiliza. Kama mmetamani, semeni, nitawaletea yangu hata leo. Lakini msioke. Mama yenu hana hata miezi mitatu kaburini. Watu wana pua."

"Nani kaoka?"

"Mimi nimesimama barazani kwangu, harufu inatoka kwenu, inanipiga usoni, nafunga, mate yananijaa mdomoni, halafu unaniuliza nani kaoka?"

Nilimshika mkono nikamwingiza hadi jikoni. Oveni ya gesi ilikuwa baridi, na ndani yake tulikuwa tumeweka masufuria. Samli ilikuwa kwenye kopo lake, karatasi haijafunguliwa. Mama Gamalat aligusa kila kitu kwa kidole kama mkaguzi. Halafu akasimama wima, akanusa.

Na mimi nikasikia. Ilikuwa imo ndani, pamoja nasi. Samli, ufuta, tende ya moto. Ilikuwa nene kiasi kwamba unaweza kusema mtu yuko nyuma yako ameshika trei.

"Bismillahi," alisema Mama Gamalat, akatoka bila kuaga.

Tangu hapo ilikuja kila alasiri. Adhana ikimalizika, inaanza upande wa uani, inaingia jikoni, inapanda ngazi, inakaa chumbani kwa Mama mpaka jua lizame. Nilitarajia kuogopa, lakini siku mbili za kwanza hatukuogopa. Wigdan aliacha kulia. Alikuwa anakaa kwenye kitanda cha Mama amefumba macho, anavuta pumzi, anatabasamu.

"Amekuja kutuangalia, dada," aliniambia. "Ameona tumefunga madirisha akatuonea huruma."

Nami nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa nalala usingizi mzito, nikiamka najisikia kama mtu aliyepapaswa kichwa.

Siku ya tatu alikuja kufuturu shangazi yetu Fikriya, dada yake baba. Alifika mapema, na kapu la mboga za molokhia, akilalamika juu ya jua, juu ya bei, juu ya mkwewe. Alivua viatu, akapiga hatua mbili sebuleni, akakatika katikati ya neno.

"Tangu lini," aliuliza taratibu, "mnatia karafuu?"

"Karafuu wapi, shangazi?"

"Kwenye kahki. Karafuu na ganda la chungwa."

Wigdan alicheka. "Hatujaoka, shangazi. Ni Mama. Kila alasiri anakuja."

"Insaf hakutia karafuu kwenye kitu hata mara moja. Alisema karafuu ni dawa ya jino."

Ni kweli. Tulitazamana. Mimi nilinusa upya, na safari hii nikaisikia, nyuma ya samli, kali, ya kale, kama sanduku la nguo lililofungwa miaka. Shangazi alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Adhana ya magharibi haikuwa mbali, na huyu ni mwanamke asiyekubali hata tone la maji limpite futari ikifika. Aliacha kapu pale pale chini, akaondoka, njiani akisoma dua.

Usiku ule Wigdan hakulala chumbani kwa Mama. Alikuja kwangu, akajibanza ukutani kama alipokuwa mtoto. Kama si Mama, basi ni nani aliyekuwa akitunukisha nyumba yetu, na sisi tumemtabasamia siku zote hizo?

Uani kwetu kulikuwa na tanuri la udongo, la zamani kuliko ndoa ya wazazi wetu. Hatukulitumia. Tulilifanya stoo ya vitunguu. Shawki aliwahi kutaka kulivunja apate pa kuegesha pikipiki, Mama akamwambia atavunja kwanza mifupa yake yeye. Kesho yake mchana Wigdan alikwenda huko kuchukua vitunguu vya futari. Alikawia. Niliita, hakujibu. Niliiacha cherehani nikatoka.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mdomo wa tanuri. Vitunguu vilikuwa vimemwagika uani. Magotini alikuwa na trei ya shaba nyeusi, ya namna ya kizamani, ambayo sikuwahi kuiona kwetu, na juu yake kahki zimejipanga, nyingi, zimefinywa maua membamba kama ya lesi. Gauni lake la msiba lilikuwa jeupe kifuani kwa sukari. Alikuwa anatafuna.

"Wigdan! Umefunga wewe!"

"Sijafunga, niko kwenye siku zangu." Alizungumza mdomo ukiwa umejaa. "Dada, ni za moto. Weka mkono uone. Dada, wallahi sijawahi kula kitu kama hiki. Hata za Mama. Mungu anisamehe, hata za Mama."

Niliweka mkono ndani ya tanuri. Majivu yalikuwa baridi, yenye utando wa buibui. Trei ilikuwa ya moto.

Nami nilizitamani, nisidanganye. Zilikuwa zinameremeta kwa samli, na kufunga kunafanya pua kuwa na meno. Kama nisingekuwa nimefunga ningekula, na sijui leo nani angekuwa anawasimulia. Nilijaribu kumnyang'anya trei, akanizuia kwa kiwiko, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Alizifunga zilizobaki kwenye mtandio wake, akazikumbatia, akaingia nazo ndani.

Asubuhi nilimkuta amehamisha kiti cha jikoni hadi mlangoni, amekaa uso barabarani. Amejifunga mtandio chini ya kidevu, wanavyojifunga wazee. Mikono magotini.

"Unafanya nini hapo?"

"Nangoja treni."

"Treni gani?"

"Ya alasiri, ya kutoka Tanta. Ndiyo inayoleta askari." Alinitazama kwa wema, kama unavyomtazama mtoto wa jirani. "Wewe, binti, wa nani?"

Nilidhani ananitania. Wigdan alikuwa mtani mkubwa. Nilimvuta mkono nikicheka, lakini mkono wake ulikuwa mzito na mkavu, na hakucheka. Nilimletea maji, hakunywa. Alasiri, treni ilipopiga honi darajani, alisimama, akajisawazisha nguo, akatazama mwisho wa njia mpaka wasafiri wote wakapita. Kisha akakaa tena. "Labda kesho," alisema. "Wanawanyima ruhusa."

Kesho yake alfajiri nilimfungia ndani, nikaenda mbio kwa shangazi Fikriya.

Hakutaka kufungua. Nilipiga mlango mpaka majirani wakatokeza vichwa madirishani, ndipo akafungua. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Amekula?"

"Amekula."

"Ewe Mola. Hata baba yako alikula."

Ndivyo nilivyoambiwa. Nyumba yetu baba aliinunua kwa wapwa wa mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Tawhida. Mjane, mwenye mtoto mmoja, Mahrus. Mahrus alichukuliwa jeshini, akapelekwa Sinai, vita vya mwaka sitini na saba vikamkuta huko. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amekufa. Jina lake halikuwa kwa waliokufa, halikuwa kwa mateka. Basi mama yake akakataa kulia. Kila Idi alikuwa anamwokea kahki za kupenda kwake, zenye karafuu na ganda la chungwa, anaweka kiti mlangoni, anangoja treni ya askari. Vijana wa watu wakipita na mabegi yao anawatazama mmoja mmoja usoni. Mara ya mwisho walimkuta amekaa vile vile, amekufa, macho wazi kuelekea stesheni, na trei tanurini bado ya moto.

"Insaf alipoolewa," aliendelea shangazi, "Idi ya kwanza alikwenda kwa wazazi wake, kama bibi harusi yeyote. Hakuoka. Aliporudi alimkuta kaka yangu yuko mlangoni na kiti, hamjui mtu. Mtu mzima, na masharubu yake, ananiita mimi binti, ananiuliza habari za ruhusa za askari. Tulileta mashehe. Tulileta daktari wa Mahalla, akampa vidonge vya kulala, hakulala. Mama yako, msichana mdogo tu, akasema: hili ni jiko lisilokubali kulala Idi. Akawasha lile tanuri la udongo, akaoka siku nzima. Harufu yake ikaifukuza ile nyingine. Baba yako akala za mkewe, akalala, akaamka mzima. Tangu hapo Insaf hakuacha hata mwaka mmoja."

"Hata mwaka aliokufa baba."

"Hata huo. Mimi nilijua. Nilinyamaza, mama yangu akafa akimchukia." Shangazi alijifuta uso. "Insaf alinikataza. Alisema mkijua mtaogopa kuishi humo, na pengine pa kwenda hatuna."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Njia nzima nilikuwa nasikia fimbo ya bibi mlangoni, na Mama amejiinamia juu ya unga, peke yake, akitukanwa kwa ajili yetu.

Mimi si Mama; kuoka kwangu peke yangu kusingejaza nyumba. Nilihitaji mikono. Nilivuka njia kwa Mama Gamalat.

"Nataka kuoka kahki leo," nilisema. "Nisaidie."

Aliweka mikono kiunoni. "Nilijua! Siku ile mlinizungusha jikoni kama mjinga, kumbe—"

"Njoo umwone Wigdan kwanza."

Alikuja akiwa bado anasema. Nilifungua mlango. Wigdan alikuwa kitini, mgongo wima. Aligeuza shingo taratibu akamtazama Mama Gamalat kutoka unyayoni hadi utosini, akatabasamu.

"We Bata," alisema. "Umekua. Mama yako hajambo? Mwambie koleo langu la maua anirudishie, Idi imefika."

Sijawahi kumwona Mama Gamalat akikosa neno kabla ya hapo, wala baada yake. Alinivuta mkono mpaka barazani.

"Hakuna aliye hai anayeniita Bata," aliniambia. "Nilikuwa mtoto wa hivi. Mama yangu aliazima koleo kwa Bi Tawhida. Halikurudishwa, mwenyewe alikufa." Kisha alipandisha mikono ya gauni. "Unga ninao mimi. Samli fungua yenu. Nakwenda kuwaita wengine, na atakayesema neno juu ya msiba nitamkalia."

Walikuja. Sijui aliwaambia nini. Walikuja na machungio, na makoleo, na masufuria vichwani, wengine wakitazama chini kwa haya wakimpita Wigdan mlangoni, wengine wakimsalimia "Shikamoo, Bi Tawhida" kwa sauti ndogo, naye anaitikia. Tulitoa vitunguu, tukafagia utando, tukawasha tanuri la udongo kwa mabua ya pamba. Lilivuta moto mara moja, kama mtu mwenye kiu.

Na ingawa moyo wangu ulikuwa umekauka, samli ilipolia juu ya unga wote walisema "Allah!", nami nikasema nao. Mikono ilikumbuka. Baada ya saa moja mtu alitania, mwingine akamjibu, Mama Gamalat akamsema binti mmoja kwamba maua yake yanafanana na kuku aliyenyonyolewa. Nyumba ilijaa samli, mdalasini, jasho la wanawake, kicheko. Ile karafuu niliisikia ikirudi nyuma, kutoka sebuleni kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda uani. Lakini kwenye kizingiti cha mbele, pale penye kiti, haikuondoka.

Nilimpelekea Wigdan ya kwanza, ya moto, juu ya kiganja. Aliinusa akanirudishia.

"Mungu aisalimishe mikono yako, binti. Lakini mwanangu anapenda yenye karafuu."

Nilimbembeleza. Nilimwambia ni za Mama. Nilimpigia magoti. Alinifuta sukari usoni kwa kidole gumba, akageukia barabara. Nyuma yangu wanawake waliacha kucheka mmoja mmoja. Dawa ya baba haikumfaa.

Ndipo treni ya alasiri ikapiga honi darajani.

Watu walianza kupita, wengi kuliko siku nyingine, maana Idi ilikuwa kesho au keshokutwa. Mabegi, mifuko ya zawadi, watoto mabegani. Na mwisho wa njia, katikati yao, kijana aliyevaa kijeshi, kofia mkononi, akitembea haraka. Alikuwa Shawki. Walimpa ruhusa ya Idi, hatukuwa tumejua.

Wigdan alisimama.

Nilitaka kumpigia kelele Shawki arudi, lakini alikuwa amekwisha kutuona. Shawki alifika, akatupa begi chini, akatazama umati wa wanawake wenye unga, akafungua mikono.

"Ehee! Mnaoka? Na mimi niliyelia njia nzima kwamba nitakula kahki za watu!"

"Umechelewa," alisema Wigdan.

"Nimechelewa? Nimepanda treni ya kwanza iliyokuwa na nafasi, we mtoto." Kisha alimtazama vizuri. "Mbona umejifunga mtandio kama bibi?"

Hakujibu. Alifungua ule mtandio mwingine aliokuwa ameuficha chini ya kiti, akatoa kahki moja, akampa. Shawki alikuwa msafiri, hakufunga. Na ni mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kuuliza chakula kimetoka wapi. Nilisema, "Shawki, usi—" lakini ilikuwa tayari mdomoni.

Alitafuna mara moja, mara mbili. Kicheko kilimtoka usoni taratibu kama maji yanavyonywewa na ardhi. Mabega yalimshuka. Alionekana mwembamba, amechoka mno, kama mtu aliyetembea kwa miguu. Alikaa chini kwenye kizingiti, mbele ya magoti ya dada yake, akainamisha kichwa.

"Njia ilikuwa na mchanga mwingi, mama," alisema. Si sauti yake. Ilikuwa ya kijana mpole, yenye kikwaruzo.

"Najua," alisema Wigdan. "Lete miguu."

Alichuchumaa, akafungua kamba za buti, akavua la kwanza, akaligeuza. Mchanga ulimwagika. Ulikuwa mweupe, mkavu, mwembamba, na haukwisha kumwagika mpaka ukafanya kilima kidogo mlangoni. Buti la pili hivyo hivyo. Iskandaria karani wa mablanketi hatembei jangwani. Wanawake wote walikuwa wamesimama sebuleni, mikono ya unga ikining'inia. Wigdan alimsugua miguu kwa ncha ya mtandio aliojifunga, kidole baada ya kidole, akimnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia. Halafu akaweka kipaji chake cha uso juu ya kichwa cha Shawki.

"Sasa tule," alisema.

Wakala pamoja kahki zote zilizobaki katika mtandio, bila haraka, mpaka chembe ya mwisho. Wigdan alilamba sukari vidoleni, akaegemea mlango, akalala. Shawki alilala naye, kichwa magotini pake. Tuliwabeba ndani kama watoto.

Waliamka kabla ya futari. Wigdan alitaka kujua nani amemvalisha mtandio wa kizee, na kwa nini ana njaa namna hii. Shawki alitaka kujua nani amemvua buti. Tulipomweleza alicheka mpaka akakohoa, akasema wanawake wakifunga wanaona mengi. Nilimwonyesha mchanga. Aliutazama kitambo, akachukua ufagio, akaufagia mwenyewe, na hajatania juu ya jambo hilo tena. Karafuu haikuwapo popote. Trei ya shaba niliitafuta uani, tanurini, darini, sikuiona.

Idi ile tulikula kwa wingi kuliko Idi yoyote ninayokumbuka. Mji ulitusema: wamezika Rajabu, Shawwali wanapaka sukari. Mama Gamalat alikuwa anagombana sokoni kwa niaba yetu mpaka sauti ikamkauka. Nilikwenda kaburini kwa Mama na sahani iliyojaa, nikawagawia wasomaji wa Kurani na maskini wa pale, na nilipobaki peke yangu nilimwambia ninayojua. Kaburi la bibi liko karibu. Na hapo pia niliweka kahki moja.

Nyumba sikuihama. Naoka kila mwaka katika tanuri lile, msiba uwepo usiwepo, na karafuu sijaisikia tena. Wigdan aliolewa Mahalla, ana watoto watatu, mwanamke wa kelele na mwili, hana kumbukumbu ya siku zile, husema hivyo kwa kila amwulizaye. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, tulikuwa wawili tunakanda, watoto wake wako shuleni, akaniambia bila kuinua macho:

"Alikuwa na kovu hapa, chini ya kidevu. Alianguka mtini akiwa mdogo. Na akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa mkono, kwa sababu ya jino."

"Nani?"

Aliendelea kukanda.

"Unamkumbukaje Mahrus, ambaye hujapata kumwona, Wigdan?"

Alitazama saa ya ukutani, akahesabu moyoni muda uliobaki watoto watoke shule. "Kama ninavyowakumbuka hawa wangu sasa hivi," alisema, akanyoosha mkono kuchukua ufuta.